Mwanasaikolojia wa kazi: majukumu yanaelea, mkataba unayumba. Pa kuanzia ni wapi?

Mizania aliuliza:

Wadau, salaam. Naleta suala la wanasaikolojia wa kazi walioajiriwa ndani ya makampuni, na naomba tulichambue kwa vitendo.

Chukulieni kampuni ya watu kama 600. Mwanasaikolojia ni mmoja, yuko chini ya meneja wa rasilimali watu, mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa. Kipengele cha majukumu kina mistari miwili tu: "kushughulikia ustawi na utendaji wa wafanyakazi" na "majukumu mengine atakayopangiwa". Ndani ya mwezi mmoja anaitwa kwenye usaili, anaombwa amsikilize mfanyakazi aliyefiwa, anaendesha semina ya mawasiliano, anakalishwa kwenye kikao cha nidhamu, halafu anadaiwa ripoti ya hojaji ya msongo. Kila idara inamwona ni wake ikimhitaji. Bajeti ikipungua, hana mwenyewe.

Maswali yangu ni matatu. Mipaka ya kazi anaiwekaje bila kuonekana mvivu au mkaidi? Usiri anaulindaje wakati anayemlipa ndiye anayetaka kujua? Na je, majukumu yakishakuwa wazi, ajira nayo inatulia, au hayo ni mambo mawili tofauti?

Mwenye jibu la "jiamini na ujitangaze" alihifadhi kwa leo.

---

KipimoHai:

Mkuu Mizania, kabla hujagusa maelezo ya kazi, tenganisha matatizo mawili ambayo watu huyabeba kwa kapu moja. Kahn na wenzake, mwaka 1964, walitofautisha utata wa majukumu na mgongano wa majukumu. Utata ni pale mtu hajui anatakiwa kufanya nini, kwa kiwango gani, na nani atampima. Mgongano ni pale anajua vizuri sana, ila wanaomwagiza ni wawili na maagizo yao hayakai pamoja. Hojaji ya Rizzo, House na Lirtzman ya 1970, ambayo bado inatumika, inavipima kama vitu viwili. Utata unapona kwa maandishi. Mgongano haupati dawa kwenye maandishi mpaka aliye juu ya wale wawili achague upande. Ukiandika maelezo mazuri ya kazi huku meneja wa uzalishaji na meneja wa rasilimali watu wanakuvuta huku na huku, umepoteza karatasi bure.

Kwa hiyo anza na daftari la maombi, wiki nne hadi sita. Kila ombi mstari mmoja: nani kaomba, kaomba nini kwa maneno yake mwenyewe, anataka kufanya uamuzi gani, saa ngapi zimetumika, kilichotoka kimeenda kwa nani. Safu ya uamuzi ndiyo yenye uhai. Mfano, meneja wa uzalishaji anapiga simu: "Hebu ongea na yule kijana, siku hizi anachelewa." Ombi hilo linaweza kuwa mambo manne. Huenda anatafuta ushahidi wa kupeleka kwenye nidhamu. Huenda anaogopa kijana hayuko sawa kusimama kwenye mashine. Huenda anamwonea huruma na anataka apate mtu wa kuzungumza naye. Na huenda zamu ilisogezwa mbele saa moja ilhali usafiri haukusogezwa, kwa maana kwamba hakuna saikolojia hapo hata chembe. Swali la kumrudishia ni moja: "Nikikuletea jibu, utafanya nini ambacho leo huwezi kukifanya?" Akikosa la kusema, ombi halijaiva. Liandike hivyo hivyo na umrudishie kwa heshima.

Wiki hizo zikiisha, yapange maombi mafungu manne: unayoamua wewe (kipimo gani kitumike, maswali ya hojaji, tafsiri ya matokeo), unayoshauri wengine waamue (nani aajiriwe, nani apandishwe cheo), unayotekeleza kwa maelekezo (semina iliyomo kwenye mpango wa mafunzo), na yasiyo yako. Fungu la pili ndilo linalounguza watu vidole. Ukikaa kwenye jopo la usaili, kila mtu atadhani kura yako ndiyo iliyopitisha, na mwajiriwa akiharibika lawama inakudondokea. Iandikwe waziwazi kwamba wewe unatoa alama na sababu zake, uamuzi ni wa meneja wa idara, na akienda kinyume na alama aandike kwa nini.

Kisha hesabu ya saa, ambayo wengi wetu tunaikwepa. Saa 40 kwa wiki 46 ni 1,840. Toa moja ya tano kwa ajili ya vikao, barua pepe na kujisomea, zinabaki 1,472. Kikao cha ana kwa ana cha saa moja kinakula saa moja na nusu ukijumlisha miadi na kumbukumbu. Wakija asilimia 10 tu ya watu 600, vikao vitano kila mmoja, hizo ni saa 450, karibu theluthi ya mwaka. Hilo ndilo jedwali la kupeleka kwa wakubwa. Unawaambia: unasihi (hivyo vikao vya ana kwa ana) ukichukua theluthi, usaili na hojaji vinabakiwa na saa hizi, mkitaka na semina kila mwezi, kipi kitoke? Wakichagua, wamekuandikia majukumu wao wenyewe, na ni vigumu mtu kuruka alichokichagua mbele ya mashahidi.

Kipengele cha "majukumu mengine" hakifutiki, usipoteze nguvu kukipigania. Kiwekee ukomo, tuseme asilimia 10 ya saa zako, na kikivuka hapo kirudi mezani. Yote yatoshe ukurasa mmoja wenye sahihi ya meneja wako, na pale mgongano ulipo kati ya idara mbili, sahihi ya aliye juu ya zote mbili. Upitiwe kila miezi mitatu. Ukikaa mwaka bila kuguswa unageuka pambo la faili.

---

MlindaFaili:

Nachukua swali la pili, na nitaongezea jambo kwenye la kwanza kwa sababu yameshikana. Utata mwingi wa kazi hii unatokana na swali ambalo halijaulizwa siku ya kwanza: mteja ni nani, kampuni au mtu aliyekaa mbele yako?

Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kifungu cha 3.11, zinazungumzia hasa huduma zinazopitia mashirika. Zinataka yafuatayo yasemwe kabla ya kazi: huduma ni ya nini, matokeo yatapokelewa na nani, nani ni mteja, uhusiano wako na kila upande ukoje, taarifa zitatumikaje, nani ataziona, na usiri unaishia wapi. Huhitaji kuwa mwanachama wao kuyatumia. Yageuze yawe maneno ya kusema mdomoni kabla ya kila kikao, chini ya dakika moja:

"Mimi nalipwa na kampuni. Utakayonieleza hayaendi kwa msimamizi wako. Kampuni inapata idadi ya watu niliowaona kwa miezi mitatu, bila majina wala idara. Nitavunja usiri nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au sheria ikiniamuru, na hapo nitakwambia kwanza inapowezekana."

Sema kabla mtu hajafungua mdomo. Ukisema baada ya dakika kumi, tayari ameshatoa siri yake kwa masharti asiyoyajua.

Kuna kazi ambazo hazikai kwa mtu mmoja juu ya mtu yuleyule. Aliyekuja kwako kwa unasihi usimfanyie tathmini ya kupandishwa cheo. Usikae kwenye kikao chake cha nidhamu hata kama ni kwa kusikiliza tu, maana kila utakachokaa nacho kimya kitasomwa usoni pako. Kama kampuni ina mwanasaikolojia mmoja, basi mojawapo ya hizo itolewe nje, na ya kutoa ni unasihi. Usaili na hojaji vinahitaji mtu anayezijua kazi za ndani. Unasihi unahitaji mtu asiye na maslahi na matokeo yake. Najua wengi mnaona unasihi ndio moyo wa taaluma. Ndani ya kampuni, hasa kwa mtu wa mkataba mfupi, ndio mlango ambao mgongano huingilia.

Meneja akitaka maelezo ya mtu mmoja mmoja, mfano aliyerudi baada ya ugonjwa, na mhusika amekubali kwa maandishi, barua iwe na mambo matatu: anaweza kufanya kazi gani, marekebisho gani yanahitajika, kwa muda gani. "Asiwekwe zamu ya usiku kwa wiki 8, kisha ipitiwe." Jina la ugonjwa halimo. Wala usikubali kugonga muhuri kwamba fulani "ana ugonjwa wa uchovu wa kazi". Kwenye uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, uchovu huo umeandikwa kama hali inayotokana na kazi. Haukuwekwa kwenye orodha ya maradhi.

Sasa hojaji. Kanuni inayojulikana ni kutotoa matokeo ya kundi dogo. Wengi hutumia ukomo wa watu 10. Kinachosahaulika ni kwamba kundi lililofichwa hupatikana kwa kutoa jumla moja kwenye nyingine. Tuseme idara ina watu 24, wastani wa kuridhika na msimamizi ni 3.1. Ripoti hiyohiyo inaonyesha fundi 18 wa idara hiyo wana wastani wa 3.4. Mtu yeyote mwenye kikokotoo anafanya hivi: 24 mara 3.1 ni 74.4, 18 mara 3.4 ni 61.2, tofauti ni 13.2, igawe kwa 6. Makarani sita waliobaki wana 2.2, na msimamizi wao anawajua kwa majina. Kundi la watu 6 hukulichapisha, lakini umelitoa. Ukificha kundi moja ndani ya jumla, lazima ufiche na la pili.

Maoni ya kuandika ndiyo hatari zaidi. "Tangu tuhamishwe kutoka ghala la zamani..." na waliohamishwa ni wawili. Usichapishe maneno kama yalivyoandikwa. Yafupishe kwa mada na idadi. Na uliza mapema, kwa maandishi, nani katika kitengo cha kompyuta ana funguo za kuona majibu ghafi. Huwa ni watu wengi kuliko mlivyodhani.

---

HesabuKwanza:

Mnaandika vizuri, ila la tatu bado. Karatasi yenye sahihi haizuii mtu kupunguzwa kazi.

Wasiwasi wa ajira ni wa aina mbili. Hellgren, Sverke na Isaksson waliutenganisha hivyo mwaka 1999. Mmoja ni hofu ya kuipoteza kazi yenyewe. Wa pili ni hofu kwamba kazi itabaki lakini itachakaa: mshahara utadumaa, majukumu ya maana yataondoka, utabaki kupanga viti vya semina. Daftari la KipimoHai linatibu huu wa pili. Ule wa kwanza unatibiwa kwenye kalenda ya bajeti. Jua mambo matatu: mshahara wako uko kwenye fungu la nani, rasimu ya bajeti inaandikwa mwezi gani, mkataba wako unaisha mwezi gani. Mkataba ukiisha miezi miwili baada ya bajeti kufungwa, uamuzi umeshafanyika wewe ukiwa kwenye semina. Omba kuhuisha kabla ya rasimu.

Kisha thamani. Kuna hesabu ya zamani ya faida ya usaili bora: idadi ya walioajiriwa, mara miaka watakayokaa, mara ongezeko la usahihi wa kipimo, mara tofauti ya utendaji kwa fedha (kati ya mfanyakazi mzuri na wa wastani), mara wastani wa alama za waliochaguliwa, kisha toa gharama. Kwa uchambuzi wa Sackett na wenzake wa 2022, usaili wenye muundo (maswali na mizani ileile ya alama kwa kila mgombea) una usahihi wa 0.42, ule wa kupiga soga 0.19, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri utendaji bila kosa. Ongezeko 0.23. Mkichukua mmoja kati ya watano, wastani wa alama sanifu za waliochaguliwa (umbali wao juu ya wastani wa waombaji wote) ni 1.40. Tofauti ya utendaji hukadiriwa kuwa asilimia 40 ya mshahara wa mwaka. Zidisha: 0.23 × 1.40 × 0.40 ni karibu 0.13. Kila mwajiriwa mpya analeta thamani ya asilimia 13 ya mshahara wake wa mwaka zaidi. Kwa watu 20, ni mishahara miwili na nusu kila mwaka.

Hesabu ni sahihi, na usiipeleke kwa mkurugenzi. Latham na Whyte walijaribu mwaka 1994: mameneja walioonyeshwa hesabu za namna hii waliunga mkono pungufu kuliko wasioonyeshwa. Namba kubwa isiyotoka kwenye vitabu vyao vya fedha inanuka uchuuzi. Peleka wanachokihesabu wao tayari: wangapi wameacha kazi kabla ya siku 90, nafasi imekaa wazi siku ngapi, usaili umerudiwa mara ngapi. Linganisha idara iliyotumia usaili wenye muundo na isiyotumia, na useme mwenyewe kwamba idara mbili ni ushahidi mwembamba. Ukilisema wewe kwanza, hawapati la kukuumbua nalo.

---

Mizania:

Asanteni sana, mmenifungua. Nimebaki na mawili.

Kwanza, usaili wenye muundo unatajwa kila mahali lakini ukiingia kwenye jopo unakuta watu wana orodha ya maswali tu. Unaanza wapi, na unaharibika wapi?

Pili, linalonitia hofu zaidi. Kampuni inapunguza watu na inamwomba mwanasaikolojia atoe matokeo ya vipimo alivyofanya mwaka jana kwa ajili ya mafunzo, yatumike kuchagua wa kuondoka. Na yeye mwenyewe yuko kwenye orodha ya nafasi zinazoangaliwa. Anajibuje?

---

KipimoHai:

La usaili nijibu haraka. Orodha ya maswali si muundo. Muundo ni orodha inayotokana na uchambuzi wa kazi, maswali yaleyale kwa kila mtu, na mizani ya alama yenye mifano: jibu la 1 linasikikaje, la 3 linasikikaje, la 5 linasikikaje. Bila mifano hiyo, msaili mkali na mpole wanapima vitu tofauti kwa namba zilezile. Maswali sita hadi nane yanatosha kwa dakika 45. Kila msaili aandike alama peke yake, mtu wa tatu akusanye karatasi, ndipo mjadala ufunguliwe. Huharibika hapo hasa: mkubwa wa jopo anasema "huyu nimempenda" mgombea akiwa bado mlangoni anatoka, na kuanzia hapo alama zote zinamfuata mkubwa. Pia wanaongeza maswali ya papo kwa papo kwa mgombea waliyemchoka, kisha wanashangaa kwa nini alama hazilinganishiki.

Na usimamizi wa utaratibu huo ndio uwe jina lako kwenye ule ukurasa mmoja: "mmiliki wa utaratibu wa usaili". Semina ikiahirishwa hakuna anayekumbuka. Utaratibu unaotumika kila mtu anapoajiriwa una mwenyewe, na akikosekana inaonekana wiki hiyohiyo.

---

MlindaFaili:

Mizania, la pili lina majibu mawili, la kitaalamu na la kimaadili, na bahati nzuri yanaelekea upande mmoja.

Kitaalamu, kipimo kinathibitishwa kwa matumizi fulani. Mtu aliyejaza dodoso akiambiwa "hii ni ya kukuandalia mafunzo" amejieleza kwa udhaifu wake, kwa sababu udhaifu ndio ulioulizwa. Aliyejidanganya akajisifia ana alama nzuri. Ukichagua wa kuondoka kwa karatasi hizo, unawaadhibu wakweli na kuwabakiza wajisifu. Mweleze mkurugenzi kwa maneno hayo. Hilo analielewa kuliko kifungu cha maadili.

Kimaadili, ridhaa waliyotoa ilikuwa ya mafunzo. Kubadili matumizi kunahitaji ridhaa mpya, na ridhaa inayoombwa kwa mtu anayeogopa kufukuzwa haina uzito. Sehemu nyingi zina sheria za taarifa binafsi zinazokataza jambo hilohilo, kwa hiyo mwanasheria wa kampuni aletwe mezani mapema. Mara nyingi yeye ndiye anayelizima, na wewe hujagombana na mtu.

Kukataa kuandamane na kitu cha kuwapa. Waambie: matokeo ya mtu mmoja mmoja sitoi, ila naweza kusaidia kuandika vigezo vya nafasi zinazobaki, vilivyotokana na kazi yenyewe, naweza kuwafundisha mameneja kumpa mtu taarifa ya kuondoka bila kumdhalilisha, naweza kupanga msaada kwa wanaoondoka na wanaobaki. Iandike barua siku hiyohiyo, fupi, yenye tarehe.

Lakini yuko kwenye orodha yeye mwenyewe, na hilo lina uzito. Greenhalgh na Rosenblatt mwaka 1984 walieleza wasiwasi wa ajira kuwa ni hali ya mtu kujihisi hana nguvu ya kuilinda kazi yake inapotishiwa. Mtu wa hali hiyo anasema ndiyo kwa kila kitu, na kila ndiyo inaongeza jukumu lisilo na jina. Atangaze maslahi yake kwa maandishi: "nafasi yangu nayo inaangaliwa, kwa hiyo sitashiriki kuweka vigezo vya kitengo changu." Na awe na mwenzake wa taaluma aliye nje ya kampuni wa kupitia naye maamuzi haya kila mwezi, bila kutaja majina ya watu.

---

KandarasiHuru:

Nichangie upande wa wanaofanya kazi hii kwa kandarasi, maana nao ni wengi na mkataba wao unayumba zaidi.

Kiwango cha kimataifa ISO 10667, kinachohusu huduma za upimaji wa watu kazini, kimegawanywa sehemu mbili: moja ya mteja, moja ya mtoa huduma. Mgawanyo huo ndio msaada wake mkubwa. Ukiandika pendekezo, weka kurasa mbili zinazotazamana: mteja atafanya nini (atatoa orodha ya watu kufikia tarehe fulani, atatangaza zoezi, atatoa chumba chenye mlango unaofungwa), na wewe utafanya nini. Kandarasi nyingi zinakufa kwa sababu upande wa mteja haujaandikwa. Hojaji inatumwa, hakuna aliyewatangazia wafanyakazi, wanajibu asilimia 20, kisha mtaalamu anaambiwa zoezi lake limeshindwa.

Malipo yasifungwe kwa maneno "ripoti ikikubaliwa". Ripoti yenye habari mbaya haikubaliwi haraka. Yafungwe kwa tendo linaloonekana: kusaini, kukamilika kwa ukusanyaji, kukabidhi ripoti. Andika pia idadi ya marekebisho, mawili yanatosha, na kwamba marekebisho yanagusa lugha na mpangilio, hayagusi matokeo. Kwenye kuvunja mkataba, sema majibu ghafi yanakwenda wapi. Usiposema, mteja atadai faili lote pamoja na majina, na wakati huo utakuwa unamdai fedha, kwa hiyo utakuwa dhaifu.

Cheo nacho kiangaliwe. Uingereza, jina la mwanasaikolojia wa kazi limelindwa kisheria tangu 2009 kupitia baraza la usajili, lakini neno "mwanasaikolojia" peke yake halijalindwa. Brazili taaluma nzima ina sheria yake tangu 1962. Kwa hiyo mtu anayevuka mipaka kwa kazi za mtandaoni asinakili maelezo ya kazi ya nchi nyingine. Kama hujasajiliwa kwa jina hilo pale mteja alipo, andika unachofanya: "upimaji wa hatari za kisaikolojia kazini", "usanifu wa usaili".

---

HesabuKwanza:

Hiyo ya hatari za kisaikolojia umeipitia kwa kasi, mkuu, na ndipo kwenye ajira inayodumu.

Ustawi ni hiari ya kampuni. Usalama mara nyingi ni wajibu wake. Tangu 2021 kuna ISO 45003, mwongozo wa kusimamia hatari za kisaikolojia ndani ya mfumo wa usalama kazini. Ni mwongozo, haumlazimishi mtu, lakini unakupa lugha inayoingia kwenye daftari la hatari. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inatumia maeneo sita: mzigo wa kazi, udhibiti wa mtu juu ya kazi yake, msaada, mahusiano, majukumu, na mabadiliko. Eneo la tano ndilo hili tunalojadili, yaani mwanasaikolojia wenu angejaza hojaji yake mwenyewe angetokea mwekundu, kwenye hatari.

Namna ya kuingia: usipeleke ripoti ya kurasa 60 kwa rasilimali watu. Chukua eneo moja lililo baya katika idara moja, liandike kama hatari nyingine yoyote: nini kinaumiza, nani anaumia, kinazuiwa na nini sasa, kipi kiongezwe, nani atafanya, tarehe. "Mafundi wa zamu ya usiku wanapokea maagizo ya wasimamizi wawili, msimamizi mmoja atajwe kwenye ratiba ya kila zamu, meneja wa zamu, kabla ya mwisho wa mwezi." Mstari huo ukiingia kwenye daftari la hatari unapitiwa kila kikao cha kamati ya usalama, na anayetakiwa kueleza umefikia wapi ni wewe. Omba kiti cha kudumu kwenye kamati hiyo kabla hujaomba nyongeza ya mkataba.